Mashine Haikuomba Kupumzika

Mimi nikikasirika napiga pasi. Wengine hupiga kelele, wengine hupiga simu kwa ndugu zao wote mpaka salio liishe, mimi napiga pasi. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkatia umeme, hasira zake azipeleke wapi?

Walinikatia Jumatatu asubuhi. Aliyetumwa kunikatia ni mjomba wangu mwenyewe, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Alikuja na bisibisi mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba.

"Shikamoo, Mjomba," nikamwambia, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Kamati imesema."

"Kamati ina mdomo, wewe una bisibisi. Fanya kazi yako."

Akapanda kwenye kiti changu, akafungua soketi iliyo juu ya meza yangu ya pasi, akachomoa waya, akaufunga kwa utepe mweusi. Akaniachia balbu moja ya dari. Aliposhuka alikifuta kiti kwa kiganja, hata pale ambapo hakukanyaga, kisha akaondoka bila kuniangalia usoni. Nikamwonea huruma, nikaudhika kwamba namwonea huruma.

Niwaeleze jengo letu kwanza, msije mkadhani tunagombana kwa sababu hatuna kazi. Ni ghorofa tatu, vyumba vinne kila ghorofa, ngazi katikati. Nguzo za umeme zimeishia mtaa wa pili, na kila tukiuliza tunaambiwa mradi uko njiani. Kwa hiyo miaka kumi na tisa tuliishi kwa jenereta, na mlezi wa jenereta alikuwa Mjomba. Watu humwita Injinia, nusu kwa heshima nusu kwa utani, na yeye huitikia yote mawili. Mwaka jana tukachanga, kila chumba sawa kwa sawa, wa juu na wa chini, tukafungiwa paneli juu ya paa, betri, na mashine ya kuugeuza umeme wa jua uingie kwenye soketi zetu. Jenereta ikauzwa. Ile mashine mpya na betri zake zikawekwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, palepale zilipokuwa swichi za jenereta, na ufunguo ukabaki kwa Mjomba kama zamani. Chumba hicho na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Feni ya mashine ikizunguka naisikia nikiwa nanyoosha nguo.

Jua lilipokuja tulifurahi kama watoto. Furaha ikadumu miezi miwili, mpaka kila chumba kilipoleta runinga na feni yake. Baada ya hapo taa zikawa zinakufa saa tatu usiku, jengo zima, pap. Watu wakaanza kutafuta mchawi, na mchawi hakuwa mbali. Alikuwa chini, chumba cha kwanza kushoto, anapiga pasi mashati themanini ya wahudumu wa hoteli kila siku ya kazi. Jina langu humu ndani ni Mama Pasi. Niambie mtu mwenye jina kama hilo atajitetea vipi.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu wa ghorofa ya tatu. Amefundisha hesabu maisha yake yote na bado anafundisha masomo ya ziada, na anapoongea unaona kabisa mkono wake unatafuta chaki. Si mtu mbaya. Ila akishapata jibu, hulipigia mstari mara mbili chini, na hapo hata umletee malaika hafuti.

"Pasi moja inakula umeme wa taa mia," alisema kwenye kikao cha Jumapili. "Haya si maoni yangu, imeandikwa ubavuni mwa pasi yenyewe. Tujaribu siku saba bila pasi. Jumapili ijayo tuone. Ikithibitika, Mama Pasi abaki na taa moja, na wengine tuishi."

"Na mashine yako ya kufulia, Mwalimu?" nikauliza. "Yenyewe inakula upepo?"

"Hiyo ni matumizi ya nyumbani. Yako ni biashara."

"Kwa hiyo nguo zikizunguka kwako ni nyumbani, zikilala mezani kwangu ni biashara. Na mchango wangu wa paneli ulikuwa wa nyumbani au wa biashara?"

Watu wakacheka, hata dereva wa ghorofa ya pili ambaye huwa hacheki kitu. Wakamaliza kucheka, wakainua mikono kumkubalia Mwalimu.

Basi nikakaa na hilo. Siku saba. Na mimi najua kitu kimoja: yale mashati themanini ndiyo karo ya binti yangu, ndiyo kodi, ndiyo unga. Nikikosa umeme nakosa hoteli, nikikosa hoteli nahama, na kwa kuhamia sina.

Nikaazima pasi ya mkaa. Wanaoisifu pasi ya mkaa hawajawahi kupiga nayo shati jeupe. Jumatatu nilimaliza mashati thelathini na kiuno kikawa si changu. Jumanne cheche ikaruka ikatua kwenye mfuko wa kifuani, ikaacha tundu dogo la kuingia punje ya mchele. Nilikaa chini nikalitazama lile tundu mpaka mkaa ukapoa.

Msimamizi wa nguo kule hotelini alilishika lile shati kwa vidole viwili. "Dada, tumefanya kazi miaka minne bila kukwaruzana," akasema. "Lakini nikiona lingine, nahamisha mzigo. Sitakuwa na la kufanya."

Kibaya zaidi, taa zilikaa. Jumatatu zikafika saa nne na nusu. Jumanne vilevile. Fundi viatu, jirani yangu wa chumba cha pili, mtu ambaye tumekula naye chumvi nyingi, akanisimamisha uani akijikuna kisogo.

"Dada, mimi nakupenda, unajua. Lakini jana nimeona taarifa ya habari mpaka hali ya hewa."

"Na itakuwaje hali ya hewa?"

"Jua kali wiki nzima."

"Basi kalale nalo," nikamwambia, nikampa kisogo. Baadaye nilijuta, maana hakunitukana, alisema tu alichokiona. Hata mimi nilikiona. Kama hesabu ni hiyo, basi Mwalimu alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa nawaweka wenzangu gizani.

Alhamisi mchana akaja yule fundi wa sola aliyetufungia mitambo. Alikuja kuchukua suruali zake mbili, ni mteja wangu tangu siku zile alipokuwa anapanda paa letu. Akaona moshi, akaona pasi ya mkaa, akauliza kulikoni. Nikamsimulia, na nilivyo na hasira sikumsimulia kwa kifupi. Mwishoni nikamtupia na yeye lawama yake.

"Na nyinyi nanyi mnauza mashine goigoi. Inafanya kazi masaa matatu inapumzika matatu. Hata mimi nafanya kazi kuliko hiyo."

"Inapumzika vipi?"

"Si hivyo? Saa sita inanyamaza, saa tisa inaanza tena."

Fundi akaweka suruali zake mezani. Akasogea ukutani, akabandika sikio. Ilikuwa saa saba kasoro, jua limesimama katikati ya kichwa, na nyuma ya ukuta kimya kama kaburini.

"Saa hizi," akasema polepole, "ndiyo ilipaswa kuunguruma kuliko saa zote." Kisha akaanza kuelewa, na alipoelewa akacheka mpaka akashika meza. "Anaizima. Anazima swichi ya paneli. Mzee wenu anaipumzisha."

Mimi sikucheka. Niligutuka mwili mzima, maana papo hapo nilijua ni kweli, na nilijua kwa nini hakuna aliyewahi kuuliza. Jenereta ilipumzishwa saa sita mpaka saa tisa miaka kumi na tisa. Mjomba aligonga bomba la ngazi mara tatu kwa spana kututahadharisha, akazima, jengo likatulia, watu wakala, watoto wakalala. Mimi mwenyewe kile kimya cha saa sita ndicho kilichokuwa saa yangu ya chakula tangu nihamie humu. Ilipokuja mashine ya jua, kimya kikaendelea saa ileile. Bomba halikugongwa tena, kwa sababu soketi hazikuzimika. Betri iliendelea kutulisha bila yenyewe kulishwa, na sisi tukaendelea kula zetu wali kwa raha.

"Asubuhi tanki la maji linatia kivuli paneli mpaka saa tatu," fundi akanihesabia kwa vidole. "Jioni jengo la jirani linaziba kuanzia saa kumi. Mna masaa saba ya jua. Mzee anawakata matatu, tena yale ya moto kabisa. Dada, hata ungekuwa na pasi mbili, shida si pasi. Ngoja nipande kwa Mwalimu sasa hivi."

Nikamshika mkono. "Hupandi popote."

"Watakukatia kabisa Jumapili."

"Najua. Na yule ni mjomba wangu."

Nikamlisha kiapo kwamba atanyamaza mpaka Jumapili ipite. Akaapa, akachukua suruali zake, akaondoka anatikisa kichwa.

Ijumaa saa sita kasoro nikaenda chini ya ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kasha la mbao lililobaki tangu enzi za jenereta, miwani imeteremka puani, mkononi kitambaa kilichoroweshwa maji. Mbele yake mashine inavuma. Alisimama, akatazama saa yake, akashusha swichi kwa kidole gumba, taratibu, halafu akaitandikia mashine kile kitambaa juu. Feni ikazunguka kidogo, ikakata.

"Mjomba," nikasema, "kwa nini unaizima?"

Akashtuka kidogo. "Inapumzika. Unaliona jua lilivyo? Ipate pumzi."

"Hii si jenereta, Mjomba. Haina moto tumboni. Fundi aliyeifunga amesema haihitaji kupumzishwa, na saa hizi ndizo za kujaza betri."

"Fundi yupi, yule kijana? Yule alizaliwa mimi nimeshabadilisha pistoni mara mbili." Akakikunja kitambaa, akakitandika upya ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. "Jengo la nyuma walikuwa na jenereta kama yetu. Hawakuipumzisha. Ilidumu miaka mitatu ikapasuka. Yetu imekwenda kumi na tisa na imeuzwa ikiwa inawaka. Kila mashine inachoka, mwanangu."

"Hii haichoki."

"Nimesema inachoka."

"Mjomba, mimi Jumapili nakatiwa laini moja kwa moja kwa sababu taa hazikai. Na hazikai kwa sababu ya hiyo swichi."

Nilidhani atakasirika, nikajiandaa kukasirika naye, maana hapo mimi ni bingwa. Lakini alikaa tena juu ya kasha na sauti ikamshuka.

"Siku aliyoifunga," akasema, "yule kijana aliniambia, mzee, hii haina kazi, inajiendesha yenyewe. Mbele ya watu wote. Akanikabidhi ufunguo." Akautoa mfukoni akautazama. "Kama haichoki, haili dizeli, haibadilishwi oili, mimi nafanya nini humu?"

 Nilisimama pale nikitazama kile kitambaa kinavyodondosha maji sakafuni. Mjomba akainuka, akanitoa nje kwa upole, akafunga mlango. Nikarudi kwenye mkaa wangu. Siku ile niliunguza kidole na sikuhisi mpaka jioni.

Usingizi haukuja mapema. Nilimkasirikia Mjomba, nikamkasirikia Mwalimu, nikamkasirikia fundi kwa kumwambia mzee maneno yale mbele za watu, nikajikasirikia mimi. Nikaamua mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba sitamsema Mjomba, na kwamba sitahama.

Jumamosi saa tatu asubuhi mlango ukagongwa. Mjomba, na bisibisi. Hakusalimu. Alipanda kiti, akabandua ule utepe mweusi, akarudisha waya.

"Leo sizimi," akasema akiwa bado juu. "Siku moja. Na wewe piga pasi yako. Lakini uache mlango wazi, ukae karibu. Ikitokea lolote, toa watu kwanza, nguo baadaye."

Basi tukaanza. Niliwasha pasi yangu ya umeme, ile ya kwangu, na ilipopata moto nikatamani kuibusu. Ilipokaribia saa sita Mjomba alijaza ndoo ya mchanga, akaiweka mlangoni. Ndoo ya maji, akaiweka pembeni. Akavua saa ya mkononi akaitia mfukoni, nadhani ili asiione. 

Saa sita ikafika. Feni haikukata. Badala yake ikaongeza mwendo, ikavuma vile ambavyo sikuwahi kuisikia ikivuma, ukuta wangu ukawa unaimba.

"Ipo?" nikapaza sauti.

"Ipo," akaitika. Baada ya dakika tano: "Mwanangu, na wewe upo?"

"Nipo, Mjomba. Nina kola hapa."

Niliinamisha kichwa nje ya mlango nikamwona. Amesimama wima mbele ya mashine, kitambaa kimelowesha bega lake, jasho linamtiririka, mkono umenyooka kuelekea swichi. Ukarudi. Ukanyooka tena. Ukarudi. Mara ya tatu akaushika kwa mkono wake mwingine. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikarudi mezani nikapiga mashati kumi mfululizo. Kila nikimaliza matano nauliza kama ipo, naye anajibu ipo, mpaka tukafika saa tisa.

Akaigusa mashine kwa mgongo wa mkono, kama unavyomgusa mtoto paji la uso ukidhani ana homa.

"Ni vuguvugu tu," akasema.

Akakaa juu ya kasha. Kwenye mashine kuna taa ndogo tano za kuonyesha betri imejaa kiasi gani. Mjomba akanionyesha kwa kidole. Zote tano zilikuwa zinawaka, na pasi yangu ilikuwa imekula tangu asubuhi.

"Sijawahi kuiona ya tano," akasema. "Nilidhani imekufa." Akahesabu kwa vidole. "Miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja nimewazimia watu jua."

"Hukujua, Mjomba."

"Niliambiwa. Sikusikiliza." Akanigeukia. "Kesho utasema?"

"Sitasema."

"Kwa nini?"

"Nilikuja jengo hili na mtoto mgongoni na begi moja. Hakuna aliyenifungulia mlango ila wewe. Ukaniombea chumba, ukanifungia soketi ya kwanza, ukaninunulia na pasi. Mimi nikusimamishe mbele ya dereva na fundi viatu wakucheke? Sitasema." Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamalizia. "Lakini laini ikikatwa nahama, Mjomba. Ujue na hilo."

 Aliukamua mchirizi wa mwisho wa maji kutoka kwenye kitambaa, akakianika kwenye mkono wa ngazi. Jioni akaja kukata tena waya wangu, maana amri ya kamati ilikuwa haijaisha.

Jumapili niliamka taa ya uani inawaka. Nilidhani nimeota. Nikatoka, nikakuta ngazi zinawaka mpaka juu, kila dirisha lina mwanga mwekundu wa alfajiri na mwanga mweupe wa balbu pamoja. Watu walikuwa milangoni na miswaki mdomoni wanaulizana. Usiku kucha. Hazikuzimika kabisa.

Kikao kilikuwa saa nne, uani, chini ya kamba za kuanikia nguo. Mwalimu alikuja amependeza, na uso wake unang'aa kwa furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka.

"Ndugu zangu," akasema, "mmeona wenyewe. Siku ya kwanza bila pasi, saa nne na nusu. Siku ya sita bila pasi, mpaka asubuhi. Betri ilihitaji tu siku chache kupona. Sina haja ya kusema mengi."

Nilihisi damu inapanda kutoka kwenye nyayo. Kazi ya Mjomba na yangu, jasho la jana, mashati yangu arobaini, yote yamechukuliwa yakatumika kunikaba. Nikafungua mdomo. Nikamwona Mjomba kule nyuma, anatazama viatu vyake. Nikaufunga. Sijui kama mnaelewa kazi niliyoifanya kuufunga mdomo ule, maana haukuzoea.

"Wanaokubali laini ya Mama Pasi ibaki ya taa moja," akasema Mwalimu, "wainue mkono."

Mikono ikaanza kupanda. Dereva. Wawili wa ghorofa ya tatu. Fundi viatu aliinua wake mpaka usawa wa sikio, akajifanya anajikuna.

"Mwalimu, subirini kidogo."

Ilikuwa sauti ya Mjomba. Alisogea mbele akipita kati ya kamba, shuka la mtu likamgusa kichwa, akalisogeza.

"Jana pasi iliwaka," akasema. "Nilimrudishia laini mimi. Imewaka tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na taa zimefika asubuhi. Si pasi. Ni mimi. Kila siku nilikuwa naizima mashine saa sita, naipumzisha kama nilivyokuwa napumzisha jenereta. Haikuomba kupumzika. Fundi alinieleza siku ya kwanza na nilimwona mtoto. Jana sikuizima. Ndiyo hayo mliyoyaona."

 Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye nguo za mtu.

"Yaani," dereva akaanza, "miezi yote hii tunakaa gizani kwa sababu mzee ulikuwa unalaza mashine?"

"Ndiyo," akasema Mjomba.

"Anyang'anywe ufunguo," mtu akasema nyuma, na mwingine akaitikia. Mjomba akauingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akaunyoosha kwa Mwalimu. 

Mwalimu hakuupokea. Alimtazama, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anatafuta nani hajafanya kazi ya nyumbani.

"Nani humu," akauliza, "hajawahi kukisikia kile kimya cha saa sita?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Mimi Jumamosi zote niko ndani. Hata kule juu nasikia feni inakata, nasema vizuri, nilale. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sikuwahi kujiuliza jua la saa sita linakwenda wapi. Nikaenda kumtafuta mkosaji chumba cha mtu ambaye kazi yake inasikika." Akanigeukia. "Mama Pasi, nilikosea. Na lile la biashara na nyumbani nililisema kwa sababu mashine ya kufulia ni yangu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigana wiki nzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama mashati. Sasa adui ananiomba radhi mbele ya jengo zima, maneno yakanipotea, nikakaa kwenye beseni lililopinduliwa na machozi yakaja. Mimi huyu, ambaye hata msibani hulilia jikoni. Mzigo uliponitoka kifuani nilijihisi mwepesi mpaka nikashika kamba ya nguo. Fundi viatu akaniletea leso yake, inanuka gundi, nikaikubali.

"Mkono wako ulikuwa unapanda," nikamwambia nikijifuta.

"Nilikuwa najikuna, dada."

Kikao kiliendelea mpaka adhuhuri, na kwa mara ya kwanza tuliongea kama watu waliochanga kitu kimoja. Jioni kila chumba kitapata kiasi sawa, cha chini na cha juu, na hakuna atakayeulizwa anakitumia kwa taarifa ya habari au kwa kushona kiatu. Mchana, jua likiwa limesimama, kazi zote nzito ziingie: pasi, kufua, pampu ya maji. Hapo dereva akauliza swali la maana. Mchana watu wako kazini, nani atawasha pampu, nani atamwashia Mwalimu mashine yake, nani atajua betri imejaa au mawingu yameingia? Watu wote wakageuka kumtazama Mjomba, ambaye bado alikuwa ameushika ufunguo mkononi hajui aupeleke wapi.

"Si yuko Injinia?" akasema Mwalimu.

Jumatatu saa sita nilikuwa kwenye shati la kumi na nane, pasi yangu ya umeme inateleza yenyewe, ukuta unavuma. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi kumi na moja. Spana juu ya bomba la ngazi, mara tatu. Nilishtuka kwa mazoea, nikasubiri kimya. Hakikuja. Nyayo za Mjomba zikapanda kwa Mwalimu, mlango ukafunguliwa, mashine ya kufulia ikaanza kuzunguka. Nyayo zikashuka, pampu ikawaka. Bomba likapata maji, nikalisikia likikohoa ukutani.

Kisha akaja kwangu. Alisimama mlangoni akiwa hana bisibisi, hana kitambaa, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba mpya.

"Zote tano," akasema.

"Kaa, Mjomba. Chakula kimefunikwa pale."

Akala, akanawa, akaegemeza kichwa ukutani, palepale feni inapovuma kwa nguvu. Dakika mbili hazikupita, akawa anakoroma. Miaka yote hii nilidhani mashine ndiyo ilikuwa ikipumzika saa sita. Kumbe aliyekuwa akihitaji ni yeye. Nikampa mto, nikasogeza meza kidogo ili mvuke usimfikie, nikageuza shati nikaanza kola.